Peavey 5150 au 6505: ununue ya zamani au ya baadaye?

Ukitafuta amplifaya ya valvu ya kupigia metali au roki nzito, hutakwenda mbali kabla ya kukutana na namba mbili: 5150 na 6505. Bei zake zinapishana sana, hasa zile zilizokwisha kutumika, na wauzaji wanajua kuzipamba. Msimamo wangu ni kwamba jina lisikutoe hela. Toa hela kwa hali ya mashine na kwa vitufe utakavyovitumia kweli.

Peavey, kampuni ya Meridian, Mississippi, ilitoa 5150 mwaka 1992 ikishirikiana na mpiga gitaa Eddie Van Halen. Mwaka 1999 ikafuata 5150 II. Van Halen alipoachana na Peavey mwaka 2004, jina aliondoka nalo, ndipo 5150 ikaitwa 6505 na 5150 II ikaitwa 6505+. Namba hiyo mpya ni kumbukumbu ya miaka 40 ya kampuni, 1965 hadi 2005. Saketi zenyewe kimsingi zilibaki zilezile. Kwa hiyo mtu akikuambia 5150 ina uchawi ambao 6505 haina, mwombe aziwashe zote mbili kwa valvu za aina moja na spika moja, kisha usikilize bila kutazama.

Nafasi ya kwanza: 6505, au 5150 ya kawaida kama bei ni ileile

Hii ndiyo ningemshauri mtu anunue. Ni wati 120, valvu nne za 6L6 upande wa nguvu na tano za 12AX7 upande wa mbele. Chaneli ya lidi, ile ya sauti nzito ya kukwaruza, inanguruma kwa ukali ulio wazi, besi imekaza, na ukikata nyuzi kwa kiganja kila pigo linasikika peke yake. Kitufe cha Resonance kinaongeza uzito wa chini, cha Presence kinaongeza makali ya juu. Anza na geini, kiasi cha mkwaruzo wa sauti, kwenye 5, usipande haraka; juu ya hapo unaongeza kelele kuliko nguvu. Wapigaji wengi huweka pedali ya ovadraivu mbele, geini yake sifuri na sauti yake juu, ili besi ikaze zaidi. Nami nawaunga mkono.

Udhaifu wake ni chaneli ya ridhimu. Sauti safi ni ngumu kuipata, na chaneli zote mbili zinatumia vitufe vilevile vya besi, kati na juu. Ukishapanga lidi ikupendeze, ridhimu inalazimika kufuata.

Nafasi ya pili: 6505+ au 5150 II

Hapa kila chaneli ina vitufe vyake, pamoja na Resonance na Presence, na kuna valvu moja zaidi ya 12AX7. Sauti safi ni bora, na lidi kwa sikio langu ni laini na imetulia kidogo kuliko ya kwanza. Kama bendi yako inapiga nyimbo zenye sehemu za upole, kwako hii inapanda kuwa ya kwanza bila ubishi. Nimeiweka ya pili kwa sababu wengi wanaoitafuta familia hii wanautafuta ule ukali, na ukali uko zaidi kwenye saketi ya 1992.

Nafasi ya tatu: 5150 ya mwanzo yenye saini

Matoleo ya awali yana saini ya Van Halen usoni. Ya baadaye yana herufi nene tu. Ni mashine nzuri, lakini unalipia historia, na mashine ya umri huo inaweza kuhitaji kapasita mpya. Mkusanyaji anunue. Mwenye shoo wiki ijayo apite.

Mpigia chumbani atazame 6505 MH, ya wati 20 na valvu za EL84, kwa sababu hizi kubwa zinakuwa na sauti ya kutisha hata kitufe cha Post, kinachopandisha sauti ya chaneli, kikiwa kwenye 2. Ama 5150 III ya EVH, chapa ya Van Halen mwenyewe, yenye chaneli tatu, hiyo ni saketi nyingine na inastahili makala yake.

Kabla hujatoa hela

Chomeka waya wa gitaa uutikise taratibu: tundu lake limelehemiwa kwenye bodi, na lehemu ikipasuka sauti inakatika. Gonga kila valvu ndogo kwa penseli. Inayolia kama kengele imechoka. Hakikisha swichi ya omu (kipimo cha ukinzani wa spika) nyuma inalingana na kabati lako la spika, na usiiwashe kamwe bila spika.

Bayasi, yaani mpangilio wa umeme wa valvu za nguvu, ya 5150 na 6505 imefungwa kiwandani, na imewekwa chini kidogo. Kwa tulio mbali na mafundi wa valvu hilo ni faraja, maana seti ya 6L6 zinazolingana unaweza kuibadilisha bila kipimo kirefu.

Ukiagiza kutoka Marekani, soma volti nyuma ya mashine. Ya volti 120 ukiichomeka kwenye 230 au 240 ya kwetu, unaiunguza. Ongeza kwenye bajeti transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo wa kutosha, au tafuta iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya, hata kama ni ghali zaidi.