Mnara wa tambi na mashmelo: zoezi la darasani ninalolipa nyota nne

Walimu wenzangu mnaotafuta kitu cha kuwafundisha watoto kupanga kazi na kufanya kazi pamoja kwa vitendo, sio kwa kunakili notsi ubaoni, nunueni tambi. Naongea seriasi kabisa. Zoezi la mnara wa tambi nimelitumia na vidato tofauti na kiukweli sijaona kitu cha bei hii kinachofundisha haraka hivi. Nalipa nyota nne kati ya tano, hiyo moja nimeitoa kwa sababu ya mashmelo na nitafika huko.

Kwa ambao hawajawahi kuliona, liko hivi. Kila kundi la watu wanne linapewa tambi ndefu 20, zile spageti zilizonyooka, sio tambi nyembamba za kupika na sukari, alafu linapewa tepu ya kama sentimita 91, uzi wa urefu huohuo na mashmelo moja, ile pipi laini nyeupe ya kubonyea. Muda ni dakika 18. Wajenge mnara unaosimama wenyewe juu ya meza na mashmelo ikae kileleni kabisa, mrefu kuliko wote ndo mshindi. Tambi unaruhusiwa kuvunja, uzi na tepu kukata, mashmelo hairuhusiwi kukatwa wala kuliwa. Muda ukiisha mikono juu, ukiachia mnara ukaanguka basi. Sheria zote hizo unazimaliza kueleza kabla hata wanafunzi wa nyuma hawajamaliza kusogeza viti.

Zoezi lenyewe alilibuni mbunifu anaitwa Peter Skillman, ila aliyelisambaza dunia nzima ni Tom Wujec ambaye mwaka 2010 alipanda jukwaa la TED, ile mikutano ya hotuba fupi zinazowekwa mtandaoni, akaeleza alichokiona baada ya kulifanya na watu wa kila aina. Wastani wa minara ulikuwa kama inchi 20, yani nusu mita hivi. Wanafunzi waliotoka tu kumaliza chuo cha biashara walikuwa miongoni mwa waliofanya vibaya zaidi, na watoto wa chekechea waliwashinda. Watoto wa chekechea! Sababu aliyoitoa ndo imenifanya nilipende zoezi hili mpaka leo: wale wa chuo wanatumia muda kuangalia nani awe bosi, wanachora plani moja, wanaijenga, na mashmelo inawekwa sekunde za mwisho, wakati watoto wadogo wanaanza na mashmelo yenyewe mkononi, wanajenga kidogo wanaiweka, inaanguka, wanajenga tena. Kwa hiyo muda unapoisha mtoto ameshajaribu mara kadhaa na msomi hajajaribu hata mara moja.

Sasa tuje dukani. Tambi pakiti ya nusu kilo huku kwetu Tanzania ni kama shilingi elfu tatu na ukigawa ishirini ishirini inatosha makundi hata ishirini, kwa hiyo darasa zima pakiti moja na inabaki. Ila ikague kabla ya kulipa, zile zilizokaa chini ya maboksi zinakuwa zimevunjikavunjika na mtoto aliyepewa vipande ataona kaonewa kabla hajaanza. Uzi wowote, wa katani hata wa kushonea magunia, ila usiwe wa nailoni maana unateleza na fundo halikai. Tepu hapo ndo naomba mnisikilize: msinunue selotepu ile ya plastiki inayong'aa, nunueni masking tepu, ile ya karatasi wanayotumia mafundi rangi. Inakatika kwa mkono. Shule zetu unakuta darasa la watu sitini mkasi mmoja tena uko ofisini kwa mwalimu wa taaluma, ukileta selotepu dakika kumi za kwanza ni watu kugombania mkasi na kung'ata tepu kwa meno. Masking tepu unaipima unaibandika pembeni ya meza ya kila kundi, imeisha hiyo.

Kuna maboksi pia yanauzwa mtandaoni ya zoezi hilihili yana vitu vyote ndani na karatasi nzuri za rangi. Msiharibu hela. Ndani ni tambi zilezile.

Kinachotokea darasani ukisema "anzeni" ndo utamu wenyewe. Dakika tano za mwanzo karibu kila kundi linachora. Kuna kundi moja la kidato cha pili nililisimamia karibu kabisa kwa sababu nilitaka kuona mwanzo mpaka mwisho, kijana mmoja mwenye sauti kubwa alichukua karatasi akachora mnara mzuri sana wa ghorofa nne, akagawa kazi, we kata tepu, we funga, we shika hapa, wenzie wakawa wanafuata tu. Msichana mmoja wa kundi hilohilo, aliyekaa pembeni, alichukua tambi moja akaisimamisha wima, akaiwekea ile mashmelo juu akiwa ameishika kwa vidole viwili, tambi ikapinda ikakatika kach. Akasema taratibu, "Hii ni nzito." Hakuna aliyemsikia. Akarudia. Yule kijana akamjibu hiyo tutaiweka mwisho. Zikiwa zimebaki dakika mbili mnara ulikuwa umesimama vizuri kweli, mrefu kuliko wa mtu yeyote mle ndani, makundi mengine yameshaanza kuwaangalia kwa wivu, wakaiweka mashmelo. Mnara ulianza kuinama pole pole upande wa dirishani, mmoja akaukimbilia kuudaka, na wote ukalala mezani.

Mi mwalimu ningeweza kuongea wiki nzima kuhusu umuhimu wa kumsikiliza mwenzako kwenye kundi na isingefika popote, ila baada ya hapo nilipouliza tu "nani alijua kwamba mashmelo ni nzito?" wenzie wote watatu waligeuka wakamwangalia yule msichana. Sikuongeza neno.

Na jambo hilo linajirudia sana. Mwenye taarifa muhimu kwenye kundi mara nyingi sio anaeongea zaidi, kwa hiyo kwa madarasa yanayofuata nimeongeza sheria moja yangu ambayo haipo kwenye zoezi la asili: dakika mbili za kwanza hakuna kushika kitu wala kuchora, kila mtu anasema wazo lake moja kwa zamu kuzunguka meza. Inasaidia kwelikweli hasa kwa mabinti na wale watoto waliohamia karibuni ambao bado wanaogopa.

Afu kuna fizikia ndani yake, na hii walimu wa sayansi msiiache ipite. Mashmelo ukiishika haina uzito wowote wa maana, gramu chache tu, ndo maana kila mtu anaidharau. Ila ukiiweka juu ya tambi nyembamba ndefu mambo yanabadilika, maana nguzo nyembamba ukiirefusha mara mbili uwezo wake wa kubeba mzigo bila kupinda unashuka mpaka robo, sio nusu, robo. Kwa hiyo anaeunga tambi mbili ziwe ndefu kaongeza urefu ila kapoteza nguvu vibaya mno. Wanaogundua kufunga tambi tatu nne pamoja kwa tepu wanapata nguzo inayoeleweka, na wanaogundua pembetatu ndo wanashinda karibu kila mara. Mraba wa tambi ukiusukuma pembeni unalala, pembetatu hailali mpaka kitu kivunjike. Watoto wakishaona hilo kwa mkono wao nawatoa nje nawaonesha kenchi za paa la bwalo na mnara wa simu ulioko kilimani, nawaambia hesabuni pembetatu. Hapo hata ambae fizikia haimpandi anauliza maswali.

Ila sasa sikiliza, ukilifanya mara moja ukaishia hapo umepoteza nusu ya faida. Wujec aliwahi kuweka zawadi, programu za kompyuta za thamani ya dola 10,000 kwa mnara mrefu zaidi, timu kumi zikaingia, na unajua minara mingapi ilisimama? Hata mmoja haukusimama. Alipokuja kurudia na watu walewale baada ya miezi minne wakafanya vizuri sana, kwa sababu saivi walikuwa wameshaelewa maana ya kujaribu mapema. Kwa hiyo mi huwa naomba vipindi viwili vilivyofuatana, dakika 80, raundi ya kwanza dakika 18, tunaongea, alafu raundi ya pili makundi yaleyale vifaa vipya. Tofauti unaiona kwa macho, raundi ya pili hakuna anaekaa kuchora muda mrefu, mashmelo inapanda juu dakika ya tatu ya nne, minara mingi inakuwa mifupi zaidi kuliko ile ndoto ya raundi ya kwanza ila inasimama. Zawadi siweki kubwa pia, pakiti ya biskuti inatosha, nikiweka kitu kikubwa wanagombana na kuacha kufikiri.

Yale maongezi ya katikati ndo kipindi chenyewe na naona walimu wengi wanayakata kwa sababu ya muda. Msiyakate. Mi nauliza maswali ya kawaida tu, plani yenu ilibadilika lini, nani aliwaambia ibadilike, mliwahi kuijaribu kabla ya mwisho, kuna mtu alikuwa na wazo mkalipuuza. Na nawaacha waongee Kiswahili. Najua sheria ya shule ni Kiingereza ila mtoto anaeeleza kwa nini alimkatalia mwenzie anahitaji lugha anayoimudu, ukimlazimisha Kiingereza pale atakujibu sentensi moja akae.

Mtaala wetu ulioboreshwa ulioanza kutumika Januari 2024 unadai tufundishe kwa kujenga umahiri, mtoto afanye na sio kukariri tu, sasa mwalimu akiniuliza aanzie wapi nitamwambia hapa, maana hata vifaa haombi kwa mtu.

Haya mapungufu. La kwanza mashmelo. Mjini unazipata supamaketi, pakiti inauzwa bei ambayo mwalimu wa kijijini hawezi na wala hazifiki huko, na zikikaa kwenye joto zinanata zinashikana zote. Wengine wanaweka kipande cha sponji, msifanye hivyo, sponji ni nyepesi mno mnara haupati taabu na zoezi zima linakufa kwa sababu lile somo liko kwenye ule uzito. Nimetumia tonge la mkate mweupe lililofinyangwa gumu likawa na ukubwa wa mashmelo, linafanya kazi vizuri.

La pili ni kubwa zaidi na naliheshimu, chakula. Kuna wazazi na wanafunzi wataumia kuona tambi zinavunjwa darasani wakati kuna mtoto mlemle ndani hajanywa chai asubuhi, na wana haki kabisa. Ukiwa mahali hivyo usilazimishe. Huku pwani kuna fagio la chelewa, unanunua moja unalifungua una njiti za kutosha shule nzima, na juu unaweka ndimu badala ya mashmelo. Linakuwa zoezi tofauti kidogo maana chelewa haikatiki kama tambi, inapinda tu, kwa hiyo watoto wanapigana na kupinda badala ya kuvunjika, na ndimu ni nzito mara nyingi zaidi ya mashmelo kwa hiyo lazima wafunge njiti kwa mafungu. Mi binafsi naona ni gumu zaidi na zuri zaidi kwa kidato cha tatu na cha nne. Baada ya zoezi chelewa unazifunga upya unafagilia, ndimu inaenda jikoni, hakuna kilichotupwa. Ukitumia tambi pia, zilizobaki safi kwenye pakiti mpe mama wa jikoni hapohapo mbele ya wanafunzi waone.

La tatu idadi. Zoezi ni la watu wanne wanne. Darasa la sitini ni makundi kumi na tano na meza hazitoshi, ukiweka watu saba kundi moja watatu wanakuwa watazamaji. Ninachofanya nagawa darasa nusu, nusu wanajenga na nusu wanakuwa waangalizi, kila mwangalizi anasimama nyuma ya kundi na karatasi anaandika nani kaongea nani kapuuzwa na mashmelo imejaribiwa dakika ya ngapi, haruhusiwi kusema kitu. Raundi ya pili wanabadilishana. Kumbe waangalizi ndo wanajifunza zaidi, wakiingia kujenga wanakuwa kama wameshalifanya, kwa hiyo darasa likiwa kubwa hata ile raundi ya marudio unaweza usiihitaji.

Kelele zitakuwepo, mwambie mapema mwalimu wa darasa la jirani. Na feni izimeni, mnara wa tambi hausimami chini ya feni.