Loda ya magurudumu au ekskaveta: ipi ipakie malori ya mgodini?

Ukikaa Tegeta unaiona Wazo Hill, kilima cha mawe ya chokaa yanayolisha kiwanda cha saruji. Kwa machimbo ya namna hii ningechagua loda, yaani mashine ya magurudumu yenye ndoo kubwa mbele, bila kusita.

Loda hutembea. Asubuhi inapakia upande mmoja, mchana inahamia kwingine, na katikati inajisafishia sakafu lori lisikanyage mawe. Ekskaveta ya minyororo, mashine yenye mkono mrefu wa kuchimbia, huhama polepole mno. Ikiharibika mahali pabaya, kazi ya eneo lile husimama.

Lakini loda ina adui mkubwa: tairi. Kila ndoo inairudisha loda nyuma, inaigeuza na kuipeleka tena mbele juu ya mawe makali, na tairi za mashine hizi ni ghali kupita kiasi. Ekskaveta husimama palepale, huzungusha mkono tu, na huchimba mwamba mgumu kwa nguvu ambayo loda haina. Kwa shimo refu la dhahabu, huko Geita kwa mfano, ningeiamini ekskaveta zaidi.

Ukubwa nao lazima ulingane na lori. Loda ya LeTourneau L-2350 huchota takriban tani 72 kwa ndoo moja. Lori la Caterpillar 797F hubeba takriban tani 363, hivyo ndoo tano zinatosha. Ukiliwekea lori hilo loda ndogo, dereva atasubiri huku injini inakunywa dizeli bure. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea, na wanunuzi wengi huangalia bei ya mashine tu!