Boston na Salem na khalati yangu: kipi cha kulipia, kipi cha bure

Nianze na jibu, maana ndilo kila mtu analoniuliza: kama unakwenda Boston kwa ajili ya historia, usinunue pasi ya jiji. Zile pasi zinazouzwa mtandaoni, unalipa mara moja halafu unaingia sehemu kadhaa, nyingi zimejazwa vitu kama jumba la samaki, ghorofa la kutazamia mji na basi la watalii la kupanda na kushuka. Nilikaa na karatasi, nikaandika tunachotaka kukiona, nikaweka bei mbele ya kila kimoja. Zaidi ya nusu ya orodha ilikuwa sifuri. Pasi haikuwa na hoja tena.

Khalati alikuwa amekuja Maryland kunitembelea kutoka Unguja. New York, alisema, ameshaiona ya kutosha kwenye televisheni. Alichokitaka ni mji wa zamani wenye majengo na makaburi, na asipelekwe madukani. Tukapanga wikendi ndefu. Treni ya Amtrak kutoka Baltimore inachukua muda, lakini inakushusha South Station, katikati ya mji, bila foleni ya ukaguzi wa uwanja wa ndege. Anayekuja kwa ndege ajue kwamba basi la Silver Line, SL1, kutoka uwanja wa Logan kuingia mjini ni la bure. Usihangaike na mashine ya tiketi.

Malazi ndiyo yatakayokula pesa zako. Katikati ya Aprili kuna mbio za marathoni, Mei kuna mahafali ya vyuo, Oktoba watu wanafuata majani yanayobadilika rangi, na nyakati zote hizo bei za vyumba zinapanda mpaka unajiuliza kama wanauza chumba au wanakikodisha. Sisi tulilala Quincy, kusini mwa jiji, kwenye reli ya Red Line, na ndani ya nusu saa hivi tuko mjini. Hoteli ilijitangaza kuwa iko "hatua chache" kutoka stesheni. Labda hatua za jitu. Kabla hujalipa, pima umbali mwenyewe kwenye ramani ya simu, hasa kama una mtu mzima mwenye magoti yake. Vinginevyo chumba kilikuwa safi na sina neno.

Nauli ya reli ya chini ya ardhi ni dola 2.40 kwa safari. Tiketi ya siku saba ni dola 22.50, nayo inafaa hata ukikaa siku chache tu, kwa sababu inakupandisha treni, mabasi ya mjini na hata feri ya kwenda Charlestown, ng'ambo ya mto. Hii ndiyo pasi niliyoinunua, na sijutii hata senti moja.

Sasa matembezi. Freedom Trail ni njia ya kilomita 4 hivi inayopita sehemu 16 za kihistoria, kuanzia bustani ya Boston Common, iliyotengwa mwaka 1634, hadi mnara wa Bunker Hill ng'ambo ya mto. Huhitaji ramani. Chini barabarani kuna mstari mwekundu, mahali pengine umepakwa rangi, pengine ni matofali mawili mawili yaliyolazwa sambamba, nawe unaufuata tu. Khalati aliupenda mstari ule kuliko majengo mengine. Kila tukisimama njia panda alikuwa ameshauona kabla yangu.

Tulilipia matembezi ya kuongozwa na kijana aliyevaa nguo za karne ya 18. Kampuni sitaitaja. Kijana alijua kuchekesha, lakini alikwenda mbio, na ziara ikaishia Faneuil Hall, yaani nusu ya njia na zaidi ilibaki. Soma vizuri ziara inaishia wapi kabla ya kulipa. Watoto wataifurahia. Mtu anayetaka kusimama mbele ya kaburi na kusoma lililoandikwa, atakereka.

Na makaburi ya Granary yanataka usimame. Ni uwanja mdogo uliobanwa na maghorofa, mawe yake meusi membamba yamechongwa mafuvu yenye mbawa. Kina Samuel Adams, John Hancock na Paul Revere, wapigania uhuru wa Marekani, wako humo, na watu huacha sarafu na vijiwe juu ya kaburi la Revere. Humo humo amezikwa Crispus Attucks, baharia mwenye damu ya Kiafrika na ya wenyeji wa Marekani, aliyekuwa miongoni mwa watu watano waliouawa kwa risasi za askari wa Kiingereza tarehe 5 Machi 1770. Mahali walipoanguka pamewekewa duara la mawe mbele ya Old State House, jengo la 1713. Juu ya paa lake kuna simba na farasi mwenye pembe moja wa ufalme wa Uingereza, na chini yake, amini usiamini, ndiyo stesheni ya treni. Kiingilio cha ndani ni cha kulipia. Tulilipa, na ilistahili. Kibaraza kilichosomewa Tangazo la Uhuru kwa watu wa Boston tarehe 18 Julai 1776 unakiona vizuri ukiwa barabarani, kwa hiyo mwenye haraka anaweza kupita.

Old South Meeting House nayo ni ya kulipia. Ni kanisa la 1729 ambamo maelfu walikusanyika Desemba 1773 kabla ya makasha 342 ya chai kumwagwa baharini kupinga kodi ya Waingereza. Khalati, ambaye hanywi chochote asubuhi kabla ya chai ya rangi, aliisikiliza habari hii kwa huzuni ya kweli.

Kitu bora tulichokifanya Boston hakikutugharimu hata senti. Walinzi wa hifadhi za taifa, wale wenye kofia pana, wana ziara za bure za Black Heritage Trail, njia ya historia ya watu weusi, kwenye mitaa ya kilima cha Beacon Hill. Angalia ratiba, kwani ni za msimu. Inaanzia kwenye sanamu ya shaba ya Kanali Robert Gould Shaw na kikosi cha 54 cha Massachusetts, kikosi cha askari weusi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani; sanamu ilizinduliwa mwaka 1897. Sogea karibu utazame nyuso za askari: kila mmoja ana sura yake, maana mchongaji Augustus Saint-Gaudens alichonga kwa kuwatazama watu weusi halisi waliomkalia. Mlinzi wetu, dada mmoja mwenye sauti ya chini, alieleza kwamba askari hawa waliahidiwa mshahara sawa na wazungu, kisha wakapewa dola 10 kwa mwezi na kukatwa 3 za nguo, wakati mzungu akipata 13. Wakagoma kuupokea kabisa, huku wakiendelea kupigana, mpaka Bunge likawalipa haki yao. Ziara inaishia African Meeting House, jengo la 1806, ambamo mwaka 1832 kiliundwa chama cha kupinga utumwa cha New England. Ukikaa kwenye mabenchi yale hutaki kuondoka. Mtu akiniambia ana saa mbili tu Boston, nitamtuma huku, mstari mwekundu utamsubiri.

Chakula nitasema kwa ufupi. Quincy Market, ambayo iko Boston kwenyewe na si kule tulikolala, ni jengo zuri lenye vibanda vingi na bei za watalii. Kila mtu atakwambia ule supu nzito ya maziwa na kombe wa baharini. Muulize muuzaji kwanza, kwa sababu upishi wa asili unaanza na mafuta ya nguruwe, vivyo hivyo maharage yao maarufu. Tuliuliza, tukala samaki. Kwa sala, msikiti mkubwa wa Roxbury uko hatua chache, za kweli hizi, kutoka stesheni ya Roxbury Crossing kwenye Orange Line.

Salem, mji wa bandari kaskazini mwa Boston, ndiyo iliyokuwa sababu yangu ya siri ya kuchagua upande huu. Treni inaondoka North Station, nusu saa umefika. Kwa bei ya kawaida ni dola 8 kwenda na 8 kurudi, lakini Jumamosi na Jumapili kuna tiketi ya dola 10 inayokupandisha treni zote za nje ya jiji wikendi nzima. Nunua hiyo.

Wengi huja Salem kwa ajili ya wachawi. Mwaka 1692, kwa tuhuma za uchawi, watu 19 walinyongwa na mmoja akakandamizwa kwa mawe mpaka akafa, na leo mji umejaa kofia zenye ncha na vijumba vya sanamu vinavyojiita makumbusho. Tuliingia kimoja. Taa nyekundu, sanamu zenye vumbi, sauti ya kaseti. Pesa ile ni bora ungenunua aiskrimu. Ukumbusho halisi ni wa bure, karibu na makaburi ya Charter Street: mabenchi ya mawe, kila moja na jina, tarehe na namna mtu alivyouawa. Oktoba usithubutu kwenda. Mji unafurika.

Sisi tulifuata meli. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini mwaka 1833, na balozi mdogo wa kwanza wa Marekani aliyefika Unguja mwaka 1837, Richard Waters, alikuwa mtu wa Salem. Meli za hapa zilileta kwetu vitambaa vya merikani zikaondoka na pembe, sandarusi na karafuu, na sandarusi ikisafishwa hapo hapo Salem. Khalati aliikumbuka merikani: bibi yake akishonea foronya. Peabody Essex Museum imetokana na chama cha manahodha cha 1799, na ili uwe mwanachama ilibidi uwe umevuka Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Horn. Ukumbi wao wa 1825 bado umo ndani ya makumbusho. Tiketi si rahisi, na tulitoka tumeshiba. Kutoka hapo tembea hadi jengo la forodha la 1819, lenye tai wa dhahabu juu ya paa, kisha gati la Derby, refu kweli kweli, upepo mtupu. Beba shali.

Charlestown tuliiwekea asubuhi yake peke yake, tukapanda feri kutoka Long Wharf kwa tiketi ile ile ya siku saba. Manowari ya USS Constitution, iliyoshushwa majini mwaka 1797, haina kiingilio, ila mtu mzima awe na kitambulisho, na uangalie siku za kufunguliwa. Vijana wa jeshi la majini wanaoilinda wanajibu maswali vizuri. Nilimwambia khalati kwamba meli hii ilizunguka dunia miaka ya 1844 hadi 1846, na njiani ilitia nanga Unguja. Akaweka mkono juu ya mzinga mmoja, akamuuliza yule askari kama ni kweli. Askari akasema ni kweli, akamwambia na jina la nahodha, Percival.

"Basi," khalati akasema, "sisi tumelipa ziara tu."

Juu ya kilima ulibaki mnara wa Bunker Hill: ngazi 294, lifti hakuna, bure. Nilipanda peke yangu. Khalati aliketi chini kwenye benchi na biskuti zake, akaniambia yeye amekuja kutembea, hakuja kuadhibiwa.