rekordbox: ghala zuri, sikio bovu

Wengi huipima rekordbox, programu ya DJ ya kuandaa na kupanga nyimbo, wakiwa wametulia mbele ya kompyuta, na hapo kila kitu kinapendeza. Ipime ukiwa nyuma ya deki gizani, fleshi imechomekwa, wimbo unaosikika umebakiza dakika moja na nusu na unaofuata bado hujauona. Tathmini hii ni ya toleo la 7, kwa DJ anayeandaa nyimbo kwenye kompyuta kisha anakwenda kupiga kwenye CDJ, deki za kidijitali za kumbini, kwa fleshi. Matumizi hayo ni ya bure. Anayepiga moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta atahitaji kifaa kinachoifungua programu au malipo ya usajili, na hayo hayamo humu.

Wimbo ukiingia, programu inasoma kasi yake, inapanga gridi ya midundo (mistari inayoonyesha kila mdundo ulipo), inakisia ufunguo, yaani skeli ya noti za wimbo, na kuchora mchoro wa sauti. Kwa muziki uliotengenezwa kwa mashine za midundo, haus au amapiano kwa mfano, gridi hutoka safi kiasi kwamba hakuna la kugusa. Balaa liko kwa nyimbo zilizorekodiwa na mpiga ngoma wa kweli: soul, disko za zamani, rumba, Afrobeat. Binadamu hapigi kasi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Uchambuzi wa kawaida unalaza gridi iliyonyooka juu ya wimbo unaopindapinda.

Chukua wimbo wa kasi ya 120.1 uliosomwa 120.0. Sekunde za kwanza husikii kasoro yoyote. Dakika ya 5 gridi imeachana na wimbo kwa nusu mdundo, na ukibonyeza SYNC, kitufe cha kulinganisha midundo ya nyimbo mbili, kiki (pigo la ngoma nzito) ya wimbo huu inaangukia katikati ya kiki mbili za ule mwingine. Ukumbi mzima utasikia viatu vinashuka ngazi. Kwa hiyo usikague gridi mwanzoni mwa wimbo, maana huko karibu kila mara iko sawa. Washa mlio wa metronomu ndani ya programu, ruka hadi dakika ya mwisho, sikiliza. Mlio na kiki vikisikika kama kitu kimoja, endelea na wimbo mwingine. Vikisikika viwili, uchambue upya kwa mtindo wa Dynamic, unaofuata kasi inavyobadilika. Ukishindikana, andika kwenye maoni ya wimbo kwamba huu ni wa kuungwa kwa mkono.

Kosa jingine ni kasi kusomwa nusu au mara mbili: drum and bass ya 174 inaorodheshwa 87 na kupotea katikati ya hip hop. Dawa ni kuweka mipaka ya kasi kabla ya kuchambua, na kuingiza kila aina ya muziki kwa fungu lake badala ya kumwaga maktaba nzima kwa mkupuo.

Kuhusu ufunguo, ichukulie programu kama rafiki anayebahatisha vizuri. Inaweza kuonyesha funguo kwa namba na herufi, ambapo 8A ni A ndogo (minor) na 8B ni C kubwa (major), na nyimbo zenye namba jirani huelewana. Mara nyingine inachanganya mbili hizo, kosa ambalo halidhuru sana kwa kuwa zinatumia noti zilezile. Linalodhuru ni lingine. Ukiuongezea wimbo kasi kwa takriban 6% bila kuwasha Master Tempo, inayozuia ufunguo usibadilike na kasi, sauti yake yote inapanda nusu toni. Wimbo wa 8A sasa ni 3A, na lebo uliyoiandaa kwa bidii inakudanganya. Basi panga nyimbo kwa kasi kwanza, ufunguo baadaye, na zinazotofautiana zaidi ya 3% au 4% zisikae jirani kwenye orodha.

Sifa kubwa ya rekordbox ni utunzaji wa ghala. Nyota 1 hadi 5, rangi 8, na lebo unazozitunga mwenyewe. Zitumie kwa maana moja isiyobadilika: nyota ziwe nguvu ya wimbo, rangi ziwe wakati wa usiku, lebo zieleze kilichomo (sauti ya kike, tarumbeta, intro ndefu, unakatika ghafla). Deki za zamani hazionyeshi lebo hizo, lakini kwenye mipangilio kuna chaguo la kuziandika pia kwenye safu ya maoni. Liwashe. Seti ya saa 2, kila wimbo ukikaa dakika 3 hadi 5, inakula nyimbo 25 hadi 40. Kreti, yaani orodha ya nyimbo ulizozichagua kubeba, ya nyimbo kama 100 inatosha. Ukibeba 4,000 bila mpangilio utatumia usiku kuzungusha kitufe, na atakayechagua muziki ni alfabeti.

Alama za kyu, zinazotia alama sehemu fulani za wimbo, zinastahili muda zaidi kuliko wengi wanavyozipa. Kila wimbo unabeba hotikyu 8, za kurukia kwa kitufe kimoja, na kyu za kumbukumbu 10. CDJ-2000NXS ina vitufe vya hotikyu vitatu tu, A, B na C, kwa hiyo mambo ya lazima yaishi humo: A mdundo wa kwanza, B sauti ya mwimbaji inapoanza, C mahali pa kuanza kutoka. Kyu za kumbukumbu ni za macho. Weka moja midundo 32 kabla mwimbaji hajafungua kinywa, na utaona kwenye mchoro muda uliobaki wa kuondoa wimbo uliotangulia kabla sauti mbili hazijagongana. Ukifika kwenye deki na hotikyu hazionekani, usidhani zimefutika. Huenda mpangilio wa kuzipakia zenyewe umezimwa. Uwashe kwenye menyu ya deki.

Sasa fleshi, mahali maandalizi mengi hufia. Iumbize (format) kwa FAT32, mfumo wa kuhifadhi mafaili ambao CDJ zote zinausoma, NTFS hazisomi. Nyimbo zipeleke kwa njia ya programu. Ukiburuta mafaili kwa mkono kutoka kwenye folda, deki itayapiga, lakini orodha, gridi na alama ulizozipanga hazitakuwepo. Ukirekebisha kyu kwenye kompyuta baada ya kupeleka, fleshi haijui hadi uipeleke tena. Kinyume chake pia: kyu uliyoiweka kwenye deki inabaki kwenye fleshi, na kompyuta haiijui hadi uivute. Programu hailikumbushi hilo kwa sauti ya kutosha, na hilo ni dosari. Dosari nyingine ni maktaba mbili. OPUS-QUAD ya 2023, mashine yenye deki na miksa pamoja, ilikuja na muundo mpya wa maktaba ya fleshi, Device Library Plus, ambao CDJ za zamani haziusomi. Hakikisha fleshi ina miundo yote miwili, hasa kama hujui utakuta mashine gani.

Mafaili nayo yana hila zake. MP3 ya 320 kbps yenye dakika 6 ni kama MB 14. WAV ya ubora wa CD ni kama MB 63. FLAC, faili iliyobanwa bila kupoteza ubora, inasomwa na CDJ-2000NXS2 ya 2016 na CDJ-3000, si na CDJ-2000NXS ya kabla yake. NXS hiyo inakataa pia WAV ya 96 kHz, na zipo WAV za 44.1 kHz zinazokataliwa kwa sababu tu ya namna kichwa cha faili kilivyoandikwa. Utaona E-8305 kwenye skrini na kimya kwenye spika. Anayetaka ubora bila presha atumie AIFF ya biti 16, 44.1 kHz. Inasomwa na zote, na hubeba jina la msanii na picha vizuri kuliko WAV.

Pendekezo la nyimbo zinazohusiana ni sehemu dhaifu. Linalinganisha kasi, ufunguo na maelezo ya wimbo, basi. Halijui kwamba nyimbo mbili za 124 zenye besi nzito mfululizo zinachosha watu. Wala maandalizi haya hayasawazishi sauti: rekodi ya zamani itaingia chini ya ile mpya, na gaini (kitufe cha kiwango cha sauti inayoingia) ya miksa utaizungusha mwenyewe ukiwa na hedifoni.

Kinachotusaidia kuliko mapendekezo ni historia. Fleshi inakumbuka ulichopiga na kwa mpangilio gani. Ivute kwenye kompyuta kesho yake, uilinganishe na kreti ya nyimbo 100, na zile ambazo hazijaguswa seti tatu mfululizo zitoe.