Tahadhari: msinunue "seti ya RS" ya Porsche 911 kwa huyu muuzaji wa Nakuru na Kisumu

Wadau wa magari ya zamani, hasa nyinyi wenye 911 za miaka ya 1960 na 1970 huku Bonde la Ufa na upande wa ziwa, kuna muuzaji anazunguka kwenye vikundi vya WhatsApp na Facebook akiuza anachokiita "seti kamili ya RS", yaani ya kuifanya 911 ifanane na Carrera RS, ile nyepesi ya 1973: boneti ya kaboni, spoila ya mkia wa bata, bampa mbili, vioo vya madirisha vya plastiki na rimu nne. Msimtumie pesa. Na kama vifaa vyake vimeshakufikia, usivifunge kwenye gari kabla hujasoma hapa mpaka mwisho. Pesa iliyopotea inauma, lakini vifaa vyenyewe vinaweza kuua mtu.

Sitaandika jina wala namba, kwa sababu hubadilisha vyote viwili. Tabia zake ndizo hazibadiliki. Akiulizwa na mtu wa Nakuru, stoo iko Kisumu karibu na soko la Kibuye. Akiulizwa na mtu wa Kisumu, stoo iko Nakuru, Industrial Area. Ukimwambia una ndugu huko anayeweza kupita kuangalia, ghafla mzigo uko njiani kutoka Mombasa. Bei yake ni ya chini kiasi cha kukufanya usilale, halafu kila mara kuna mteja wa Nairobi anayetaka kuichukua leo jioni. Anadai nusu kwa M-Pesa kwenye namba ya mtu binafsi, na jina linalotokea kwenye ujumbe si lile alilojitambulisha nalo. "Hiyo ni ya mhasibu wangu." Picha anazotuma ni nzuri mno, na ukizitazama sana utaona gereji yenye sakafu inayong'aa na magari yenye usukani upande wa kushoto.

Mimi ni fundi wa bodi hapa Nakuru, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni faibaglasi. Mzee mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, ana 911T ya 1972. Aliniletea seti hii nimfungie, akiwa amemaliza kulipa mzigo ulipofika stendi. Aliweka boneti juu ya meza akaniuliza, "Fundi, hii si ndiyo nyepesi?" Nikamwambia, "Mzee, inua mwenyewe, halafu uinue ile ya chuma." Aliinua zote mbili, akanyamaza. Tulizipeleka kwenye mizani ya magunia kwa jirani muuza nafaka, na boneti ya "kaboni" ikaizidi ile ya kiwandani kwa karibu kilo mbili.

Hapakuwa na kaboni. Ni mkeka wa kawaida wa faibaglasi uliolowekwa rezini kupita kiasi, ukapakwa fila kufunika mabonde, kisha ukabandikwa stika yenye mchoro wa kusuka na kupigwa vanishi. Kuitambua si kazi ngumu. Chukua tochi uisogeze juu yake: nyuzi za kaboni halisi hubadilika mwanga kila unapozunguka, stika hubaki imelala vilevile. Geuza upande wa ndani, ukiona nyuzi nyeupe zilizotawanyika ovyo, hiyo ni glasi. Na kama una mita ya umeme, piga msasa kidogo ukingoni ambapo mteja hataona, gusa kwa ncha zote mbili. Kaboni hupitisha umeme, glasi haipitishi. Faibaglasi yenyewe haina aibu, bampa za ile Carrera RS 2.7 nyepesi zilikuwa za faibaglasi. Shida ni kuuziwa kitu kizito kwa jina la kitu chepesi.

Hapo ndipo nataka tuelewane kuhusu uzito, kwa sababu tangazo lake linasema seti "inatoa kilo 200". Carrera RS ya mwaka wa 1973 ndiyo gari ambalo kila mtu analiiga. Kiwanda kilitengeneza 1,580, na toleo jepesi la Sport lilikuwa na kilo 960 wakati toleo la Touring lilikuwa na kilo 1,075. Tofauti ni kilo 115 tu. Na ili kuzipata, Sport ilinyimwa viti vya nyuma, mazulia ya maana, bitana za kuzuia kelele, saa ya dashibodi, hata vishikio vya milango vikageuzwa kamba. Hao ni wahandisi wenye kiwanda kizima nyuma yao. Mtu anayekuahidi kilo 200 kwa boneti, bampa na vioo hajawahi kulipima gari hilo.

Lakini hata akiwa mkweli juu ya kilo, bado angekuwa anakudanganya juu ya mahali pa kuzitoa, na hili ndilo linaloniumiza zaidi. 911 injini yake inaning'inia nyuma ya ekseli ya nyuma. Takribani asilimia 60 ya uzito wote iko huko. Porsche wenyewe walihangaika na jambo hili miaka mingi. Katikati ya miaka ya 1960 walificha vyuma vya kilo 11 kila upande ndani ya bampa ya mbele, waliongeza uzito kwa makusudi! Kwa magari ya 1969 wakasogeza magurudumu ya nyuma yarudi nyuma zaidi kwa milimita 57, na betri moja ikawa mbili ndogo, kila moja kwenye kona yake ya mbele. Mwaka wa 1972 wakahamisha tangi la oili kutoka nyuma ya gurudumu la nyuma la kulia wakalileta mbele yake, ili tu uzito usogee kidogo kuelekea katikati. (Mwaka uliofuata walilirudisha, kwa sababu mdomo wake wa kujazia oili ulikuwa nje ubavuni na watu wa vituo vya mafuta walikuwa wakimimina petroli humo. Gari la mzee ni la 1972, nimemwekea alama.)

Sasa soma ushauri ambao muuzaji huyu hutuma pamoja na seti: toa betri mbili za mbele, funga moja ndogo nyuma karibu na injini. Toa gurudumu la akiba. Weka mbele boneti na bampa anazodai ni nyepesi. Halafu nyuma ufunge mkia wake, ambao nilipoupima ulikuwa na kilo 9, umejazwa fila na vipande vya mbao ndani. Kwa mpango wake, kila hatua inauondoa uzito mbele na kuurundika nyuma kabisa, mbali na ekseli, mahali ambapo kilo moja ina nguvu kuliko kilo tatu za katikati. Gari hilo ukilifunga breki katikati ya kona yenye unyevu, nyuma itakutangulia.

Na mkia wenyewe. Kazi yake ni kupunguza ile nguvu ya hewa inayoinua sehemu ya nyuma gari likiwa kasi. Umbo la 911 linatelemka nyuma kwa mviringo, hewa inapita juu yake haraka na kulivuta juu. Mkia wa bata unaikatiza hewa hiyo. Ni wazo zuri na lilifanya kazi. Lakini kiwanda hakikuanza na mkia, kilianza na mdomo wa chini ya bampa ya mbele, uliofungwa kwenye 911S ya 1972. Mkia ukafuata. Ukifunga mkia peke yake, nyuma inatulia na mbele inabaki ikiinuliwa na hewa inayoingia chini ya pua. Usukani unakuwa mwepesi mkononi kadiri unavyoongeza mwendo. Wenye magari haya wanajua hali hiyo pale Elmenteita upepo unapotoka ubavuni, au unapopishana na lori refu ukiteremka kuelekea Salgaa. Seti yake haina mdomo wa mbele. Nilipompigia nikijifanya mteja na kumuuliza, alisema "hiyo ni ya urembo tu".

Alidai pia mkia wake "unashika barabara kuanzia kilomita 40 kwa saa". Nguvu ya hewa hukua kwa mraba wa mwendo: ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Kwa kilomita 40 unapata sehemu moja ya 16 ya kile unachopata kwa 160, yaani si kitu. Na hapa Nakuru tuko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya sita, kwa hiyo hata 160 yetu ina msaada mdogo zaidi. Kasi ya kisheria barabarani haizidi 110. Mwenye 911 ya kutembelea kati ya Nakuru na Kisumu hahitaji mkia huu, anahitaji tairi mpya, shokomzoba nzima na breki.

Kuna jambo jingine kwenye mkia huo ambalo limenitia hasira. Injini hii hupozwa kwa hewa, na hewa hiyo huingia kupitia wavu wa kifuniko cha nyuma. Mkia wa huyu bwana umefunika zaidi ya nusu ya wavu. Panda nao kutoka Nakuru hadi Mau Summit jua la mchana likiwa nyuma yako, uone oili itafika wapi. Na umefungwa kwa skrubu fupi kwenye tabaka moja la faibaglasi, bila bamba la kushikilia kwa ndani. Ukingo ulianza kupasuka nilipouegemea kwa kiganja. Ukichomoka barabarani, utamkuta mwenye bodaboda aliye nyuma yako.

Vioo vya plastiki nitavipitia haraka. Anaviita policarboneti, lakini ni akriliki ya mabango. Nilikunja kipande chembamba kikavunjika vipande vyenye makali, policarboneti ingepinda tu. Kioo cha mbele usikiguse kabisa, kibaki kile cha tabaka mbili. Rimu nazo anasema ni za Fuchs. Fuchs halisi zimefuliwa kwa shinikizo, na kwa ndani zina saizi na namba zilizogongwa kwenye aluminiamu. Hizi zimemiminwa kwenye kalibu, hazina namba, na nilipokwangua rangi karibu na mashimo ya nati nilikuta vitundu vya hewa. Kwa barabara zetu zenye matuta na mashimo, rimu ya namna hiyo haina maisha.

Najua kwa nini watu wanamwamini. Mkoa huu una historia na gari hili. Dereva Msweden Björn Waldegård alimaliza wa pili kwenye Safari Rally ya 1974 akiwa na Carrera RS, nyuma ya Joginder Singh wetu na Mitsubishi Lancer yake, na Vic Preston Jr. akawa wa pili mwaka wa 1978 akiwa na 911 SC. Tangu Safari irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka wa 2021 na kupiga kambi Naivasha, vijana wengi wamerudi kuyapenda magari haya, na wengine wamerithi moja kutoka kwa baba au mjomba. Wanataka yafanane na yale ya picha. Lakini 911 za Safari ziliinuliwa juu na kuongezewa mabamba ya kukinga tumbo. Waliozitengeneza waliuweka uzito pale barabara ilipoudai.

Kama unataka kupunguza uzito kwa njia ya haki, peleka gari kwenye mizani ya malori ya mfanyabiashara wa nafaka kabla hujanunua chochote. Pima magurudumu ya mbele peke yake, kisha ya nyuma, andika. Halafu anza na vitu vya nyuma na vya juu. Bitana na zulia la kiti cha nyuma, redio kubwa na spika zake, ekzosi nzito iliyobandikwa miaka ya karibuni. Haya hayagharimu chochote zaidi ya jasho. Ukitaka kununua kifaa, mwombe muuzaji simu ya video, kifaa kikiwa juu ya mizani, namba ikisomeka, naye akigeuza upande wa ndani mbele yako. Huyu niliyemtaja nilimwomba hivyo. Akakata simu, akanibloki.

Waliokwisha kulipa: msifute chochote. Tunzeni ujumbe wa M-Pesa, mazungumzo yote, skrinshoti za matangazo na risiti ya basi lililoleta mzigo. Andikisheni taarifa kituo cha polisi mpate namba ya OB (kitabu cha matukio), kisha mfike ofisi ya DCI (upelelezi wa jinai) iliyo karibu. Mkijua alipo, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na huhitaji wakili. Mzee ameshaandikisha yake hapa Nakuru. Nawajua wengine wawili, mmoja Kisumu na mmoja Kericho, na wote wana namba tofauti za simu lakini picha zilezile. Aliye na namba nyingine anitumie inboksi, tuziunganishe kwenye faili moja. Boneti, mkia na rimu bado ziko gerejini kwangu kama ushahidi, anayetaka kuja kuzipima mwenyewe anakaribishwa siku yoyote ya kazi.