Ngozi ya kiti kwenye mashine ya CNC: kisu au leza?

CNC ni mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta. Kwenye fremu ya mbao ya kiti hakuna mjadala: biti ya ruta (ncha inayozunguka na kuchonga mbao) inatosha, ila ya milimita 6 huacha kona za ndani zikiwa na mviringo, na utazinyoosha kwa patasi. Kazi iko kwenye ngozi.

Leza hukata bila kuigusa ngozi, kwa hiyo haiivuti, na matundu ya kushonea hutoka yamepangana sawasawa. Lakini ukingo huungua: hubaki mweusi, mgumu, unanuka moshi, na masizi yake huchafua uzi. Kubwa zaidi ni afya. Ngozi iliyotiwa dawa ya kromu ikiungua inaweza kutoa kromu yenye sumu, na ngozi bandia ya plastiki ya PVC hutoa gesi ya asidi inayodhuru mapafu na kula chuma cha mashine yenyewe. Hizo mbili usizipeleke kwenye leza kabisa!

Kisu cha kuburuta, yaani wembe usiozunguka ambao mashine huuvuta juu ya ngozi, huacha ukingo safi, tayari kupakwa nta na kusuguliwa. Shida yake ni kona. Ngozi nene hujikunja hapo isipobanwa vizuri, na matundu ya kushonea utayatoboa kivyake. Hata hivyo, kwa kiti cha kukaliwa kila siku nachagua kisu. Leza naiachia nakshi, kwa ngozi iliyotiwa dawa ya magome ya miti badala ya kromu.