Kupanda vilima vya nyuma ya Boma Mikindani na vijana wa kutembeza wageni: nyota nne

Mwezi huu wa nane nimerudi nyumbani Mikindani, pale kama kilomita 10 tu toka Mtwara mjini, nikamchukua kijana anipandishe vilima vya nyuma ya Boma maana goti langu halinitoshi tena kwenda peke yangu. Tulikubaliana elfu kumi na tano kabla ya kuanza na haikuongezeka hata mia, hapo nampongeza.

Njia si ndefu ila inapanda kwelikweli, unaliacha lile Boma la Mjerumani la 1895 alaf unaingia kwenye mibuyu na mikorosho, na saa hizi mikorosho imetoa maua basi harufu inakufuata mpaka juu. Kijana ana subira jamani, nikisimama anasimama. Alinikatia fimbo, akaiparua kwa kisu pale pa kushikia isinichubue. Juu unaiona ghuba yote, maji yamekupwa, ngalawa zimelala kwenye tope.

Nilikaa pale muda mrefu na yeye akaniacha. 2020 korona ilipoingia shule zikafungwa mwezi wa tatu, mimi mwalimu nikapanda basi toka Dar, ikawa levo siti hakuna kusimama, barakoa imelowa jasho, tukishuka kula ndoo ya maji tiririka na sabuni kwanza. Nikafika kwa mama nikaogopa hata kumpa mkono wa shikamoo. Nililala chumba cha uani siku 14, chakula anakiweka kwenye kigoda mlangoni anarudi nyuma ndo mi natoka, na kila jioni nilikua napanda vilima hivihivi peke yangu kwa sababu huku ndo nilikua navua barakoa nikapumua. Sasa safari hii tunashuka kwenye mawe yanayoteleza, kijana ananyoosha mkono, "shangazi shika hapa", nikaushika bila kuwaza chochote. Nimefika chini ndo nimekuja kushtuka.

Nyota moja nimekata kwa sababu ya muda na maji. Tulianza saa tatu, jua lishakua kali, na hakubeba maji wala hakuniambia nibebe. Mwambieni muanze saa kumi na mbili asubuhi, na viatu viwe vya kufunga kamba, sio ndala.

Mkishuka barabarani kuna kina mama wanauza ming'oko (vile viazi pori vya huku kwetu) ya kuchemsha, bado ya moto. Mi nilimfungashia mama, tukala sahani moja.